Mitungi Miwili ya Tangi la Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Nimefuta kioo tena. Mara ya tatu ndani ya siku nne. Mwani unarudi kabla kitambaa hakijakauka. Maji yamekuwa ya njano kama chai iliyopauka, na matumbawe mawili yamejifunga kabisa.

Sikulipenda hili tangi. Meneja wa kiwanda cha pamba alipohama alimwachia mume wangu, Masanja, aliyekuwa fundi mitambo wake. Maji ya chumvi, matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa. Bahari sebuleni, Bariadi! Majirani walikuwa wanakuja kushangaa. Sasa wanakuja kutoa pole. Tangu kiharusi cha mwezi wa kumi, kitanda cha Masanja kiko mbele ya kioo. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Kiswahili kimemtoka, yamebaki maneno machache ya Kisukuma. Anatazama samaki kutwa. Likifa hili tangi sijui atatazama nini.

Jumatano, 5 Machi
Wakati wa mapumziko shuleni nimempigia Hamza, anayeuza vifaa vya samaki Dar. Nilishapima maji kama alivyoagiza, rangi ikatoka bluu nzito. “Fosfeti imezidi, mama. Ndiyo inayolisha mwani.” Anasema ninunue riakta: mtungi mwembamba wa plastiki, pampu inasukuma maji yapite katikati ya kitu kinachochuja. Kitu gani sasa? Mkaa unaondoa unjano. Punje za chuma zinashika fosfeti. Kuna mtungi mmoja mkubwa wa kuweka vyote. Kuna midogo.

Nimeandika yote nyuma ya andalio la somo. Nimeingia darasa la saba nikakosea kugawanya ubaoni. Wamecheka.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amefika kutoka Bukundi. Kaketi akilipa tangi mgongo. Hakumaliza hata maji ya kunywa.
“Mama Minza, toa hicho kitu. Mwanangu alikuwa mzima kabla hakijaingia humu.”
Nikamjibu vibaya. Nikasema ni presha, na kwamba mwanawe alikuwa anaficha vidonge chini ya godoro. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nimejiona mnyama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejua.

Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani. Nikamwona Masanja ananyoosha mkono wa kushoto, anachukua kopo la chakula cha samaki, ananyunyiza. Baada ya muda tena. Na tena. Mara kumi na moja kabla ya mchana. Chakula kinaozea chini, maji yanachafuka. Kopo nililiweka mimi mwenyewe pale kitandani, mtaalamu wa mazoezi aliposema mkono wa kushoto upate kazi.

Nimempigia Hamza. Ni mkweli, lazima nikiri. “Basi usinunue kitu, mama. Walishwe mara moja kwa siku. Maji yatarudi yenyewe.”

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Asubuhi nililiweka kopo juu ya kabati. Masanja alipapasa pale lilipokuwa, kisha akageukia ukutani. Mchana hakula. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya samaki wake. “Leka,” akasema. Acha. Sijui alimaanisha niache kusema au niache kumnyang’anya.

Saa kumi nikalirudisha. Nililia jikoni kwa hasira. Miezi mitano hii namlisha, namwogesha, namgeuza. Kuna kitu kimoja tu anachokilisha yeye.

Mama mkwe aliona yote.

Jumatatu, 10 Machi
Nitanunua. Hamza hanielewi, na sikumweleza. Nilitaka mtungi mkubwa, mambo yaishe. Akaniuliza pampu moja itatosheleza vipi vitu viwili. Punje za chuma zinataka kuchezacheza kidogo, zisigandane. Mkaa unataka kutulia, ukirushwarushwa unajisaga kuwa vumbi. Ukimridhisha mmoja, mwingine anaharibika. Basi midogo miwili, kila mmoja na pampu yake. Nimeagiza.

Alhamisi, 13 Machi
Mzigo umefika na basi. Nimeosha zile punje mpaka maji yakaacha kutoka mekundu. Mama mkwe alinibebea ndoo, sikumwomba. Hamza alisema nianze na nusu ya kipimo. Nimeweka zote. Nimechoka kungoja.

Jumamosi, 15 Machi
Maji meupe pe. Matumbawe pia. Meupe!

Lile la kijani, kubwa kuliko yote, limechuruzika ute na kufa. Hamza aliuliza swali moja tu: “Uliweka zote?” Maji yamebadilika ghafla mno. Nimetoa nusu ya punje. Nimeliua kwa haraka zangu. Masanja alilitazama mpaka nikashindwa kukaa sebuleni.

Nilimsubiri mama mkwe aseme alilosema siku ile. Badala yake akauliza, “Haya ni mawe au wanyama?” Wanyama, nikamwambia. Akasogeza kigoda karibu na kioo. “Maskini,” akasema.

Jumapili, 23 Machi
Wiki nzima sikugusa kitu. Ni kazi ngumu kuliko kufuta. Leo tumbawe moja lenye matawi kama vidole limefunguka, vidole viwili kwanza, kisha vyote. Unjano haujarudi. Mwani bado upo, ila unakuja taratibu. Masanja analisha atakavyo. Mama mkwe anamwambia kwa Kisukuma yule samaki wa kulia bado hajapata, anamwonea huruma.

Jumapili, 30 Machi
Vipimo vimetoka bluu hafifu. Nimebadilisha mkaa, nimefunga mifuniko. Mama mkwe anaondoka kesho. Yuko uani anachambua mchele.

Alasiri niliketi sakafuni, nimeegemea kitanda cha Masanja. Madaftari niliyaacha mezani. Samaki wanaingia na kutoka kwenye mifupa ya lile tumbawe lililokufa, wamepafanya nyumba. Nikasinzia hapohapo. Nilipozinduka mkono wa Masanja ulikuwa juu ya kichwa changu, unanuka chakula cha samaki.

Sikusogea.