Watu wa Juu Wamerudi Mtambile

Mtambile, Pemba
Jumapili, baada ya adhuhuri

Babu yangu mpenzi,

Kabla sijakuuliza hali nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, si Shangazi Raya, si rafiki yangu wa skuli, wala sijalitamka hata nikiwa peke yangu chumbani. Karafuu za Mzee Faki zilizovunda mwezi huu nimezivundisha mimi. Sikuzimwagia maji na sikuzitia mkono. Nilizivundisha kwa maneno, kwa makusudi, nikijua ninachofanya, na siku zilipoharibika nilikula chakula cha mchana kwa hamu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nije huku.

Sasa pokea salamu zangu. Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mguu umepunguka uvimbe, na bado unakwenda msikitini mwenyewe bila ya kushikwa mkono. Mie mwili mzima. Shangazi ananilisha muhogo wa nazi asubuhi na muhogo wa nazi jioni, na akiona sahani imebaki kitu huniuliza kama Tanga siku hizi watu hawali. Masomo yanakwenda, ila darasani sinyanyui mkono hata jibu nikilijua. Unanijua. Ndiyo maana utashangaa ukisikia kwamba Jumamosi kadhaa sasa nimekuwa nikisema peke yangu mbele ya watu wazima na watoto wao.

Ilikuwa hivi. Mzee Faki, jirani yetu mwenye mikarafuu kutoka nyuma ya nyumba hadi bondeni, alinunua dishi. Mwanawe akaona tangazo kwamba ule mchezo wa zamani wa watu wanaosafiri baina ya nyota umetengenezwa upya, na utaoneshwa kila Jumamosi baada ya alasiri. Jina lake la Kiingereza hapa halijui mtu. Hapa unaitwa Watu wa Juu, jina ulilolipa wewe, enzi zile uliposhika ufunguo wa kabati la televisheni ya skuli, ukasimama pembeni yake na kuwafasiria watu. Hukuwahi kunisimulia, Babu. Ilibidi nije nikae Mtambile ndipo nijue kwamba fundi baskeli anaitwa Nahodha mpaka leo kwa sababu yako.

Mzee Faki akawakaribisha wote uani kwake, na sharti lake halikuhitaji kusemwa. Msimu umeshika. Televisheni anaiweka barazani, majamvi anayatandika chini, anamwaga karafuu zilizochumwa siku ile, na watu wanatazama huku mikono inachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Mchezo ukimalizika fungu lote limekwisha, na yeye kwenye kiti chake hajainama hata mara moja. Bi Kazija, yule mjane anayemwangalizia uwanja wa kuanikia, huzikusanya na kuzianika asubuhi yake.

Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya buibui la Shangazi. Akanivuta mkono.

"Huyu hapa mjukuu wa Shaame," akawaambia. "Kasoma skuli ya Kiingereza. Atatufasiria."

Nikafasiri kweli, Babu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kila neno nililolisikia nililitoa kama lilivyo, kama tunavyofundishwa.

"Jini liko wapi?" akauliza fundi baskeli.

Nikamwambia hamna jini. Lile sanduku linalotembea ni mashine.

"Mashine vipi, nalo lilikula yamini kwamba halitosema uongo?"

"Na yule mwenye nywele za fedha?" akauliza Bi Kazija. "Dada yake nahodha, aliyepotelea kisimani akiwa mdogo?"

"Si dada yake, bibi. Ni daktari wa chombo."

"Nani kasema?"

"Wenyewe wamesema."

Wakaanza kunung'unika. Wazee walisema chombo cha zamani kilikuwa kizuri zaidi kwa sababu ulikuwa ukiuona uzi uliokining'iniza, na hiki hakina uzi, utakiamini vipi. Nahodha wa sasa ni mwanamke, na hilo nalo likazua maneno. "Yakhe, chombo kinaongozwa na mwanamke?" akasema mmoja, na mkewe akamjibu kutoka jamvi la pili, "Kwani nyumba yako inaongozwa na nani?" Vijana walitaka mpya, wazee walitaka wa zamani. Jumamosi ya pili wakakaa mbalimbali, kama ile miaka ya uchaguzi walipokuwa wakisusiana hata maziko, jamvi la Zamani kushoto na jamvi la Sasa kulia, na birika la kahawa likawa halivuki katikati.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Kisha Mzee Faki akacheka yeye.

"Basi Shaame alituchezea miaka yote," akasema. "Kiingereza hakijui, na sisi tumekaa midomo wazi kama vifaranga." Akainuka, akafumba jicho moja kama unavyofumba wewe ukisema, akatetemesha mkono, akaanza, "Yesi, yesi, plizi, wosh-wosh, anasema ndugu zangu, jini limekasirika." Watu wakacheka. Jamvi la kulia na la kushoto, wote. Akairudia Jumamosi iliyofuata bila ya kuombwa. Akairudia dukani. Watoto wa skuli sasa wananiita Yesi-Plizi, na mmoja kaniandikia kwa chaki mgongoni.

Nilipofika nyumbani nilikaa chooni nikalia, kisha nikaacha kulia. Wewe katika barua yako umesema unataka kurudi Mtambile kabla ya Ramadhani, ukae barazani kwako na watu wako, usizikwe ugenini. Nikafikiri, atarudi kwa watu gani. Atapita njiani, watoto wamfumbie jicho. Na mlango huo niliufungua mimi, kwa kusema kweli.

Mtu mwenye haya, Babu, ana kazi moja tu anayoijua vizuri, nayo ni kutazama wengine. Mimi niliitazama mikono. Nikaona vita vikipigwa kwenye kioo mikono inakwenda mbio zaidi. Wakicheka, mikono inaendelea. Mapenzi hayawashughulishi. Kinachosimamisha mikono yote kwa pamoja ni habari ya mzazi. Nikajua nimeshampata Mzee Faki.

Siku za kazi nikawa nakuna nazi na Shangazi nikimuuliza, na yeye kwa raha zake ananihadithia yote uliyokuwa ukiyasema, kisima, yamini ya jini, mama aliyebaki sayari ya mbali bila ya mtoto wa kumfumba macho. Niliyashika yote. Jumamosi ya nne nikayarudisha.

Nahodha na yule mwenye nywele za fedha walikuwa wamesimama mbele ya tangi, wamekunja nyuso. Kwa kweli nahodha alikuwa anamuuliza mwenzake kama hewa iliyobaki itawafikisha.

"Anasema nini?" akauliza Bi Kazija.

Nikasema polepole, "Anamuuliza, mama alipokufa, nani alimwosha?"

Mkono wa Bi Kazija ukasimama hewani na karafuu yake. Kisha mkono wa fundi baskeli. Kisha jamvi zima.

"Basi ni dada yake," akasema mtu.

"Ni dada yake," nikasema. "Walimficha tu mwanzoni."

"Sikuwaambieni? Shaame alikuwa anajua."

Babu, sauti yangu haikutetemeka. Mimi ambaye nikiitwa jina darasani nadondosha kalamu. Niliwapa kaburi lisilokuwa na jina, niliwapa barua ya mama iliyochelewa, na kila Mzee Faki alipopiga kofi na kusema "Mikono, mikono," niliwapa jambo jengine zito zaidi. Yule mke aliyemjibu mumewe kutoka jamvi la pili akamwambia, "Mzee Faki, mtu anamlilia mama yake na wewe watwambia makonyo. Huna mama weye?" Majamvi mawili yakawa moja. Watu wakaja kutoka Wambaa. Na fungu la karafuu likawa linabaki, Jumamosi ile nusu, iliyofuata zaidi ya nusu.

Hata yeye mwenyewe nilimnasa. Siku moja nilimwona anajifuta jicho kwa ncha ya kilemba, lile lile alilokuwa akilifumba kukuigiza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kisha?"

"Kisha wamekata," nikamwambia. "Mpaka wiki ijayo, mzee."

Walikuwa hawajakata. Lakini nilitaka akae na njaa ile.

Jumamosi ya mwisho fungu lilikuwa kubwa kuliko yote, na halikuguswa. Jumapili mvua ikanyesha kutwa, Jumatatu vilevile. Hazikuchambuliwa, hazikuanikwa, zikarundikana mbichi ndani ya banda zikachemka zenyewe. Zilipotolewa zilikuwa zimepauka kama majivu na harufu imechacha. Nilipita kwenda skuli, nikasimama nikazitazama. Nilisema moyoni, hiyo ni ya jicho, na hiyo ni ya mkono, na hiyo ni ya yesi-plizi. Sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Utamu ule ulidumu mpaka nilipotoka skuli. Mzee Faki alikuwa uwanjani anamfukuza Bi Kazija mbele ya wapita njia. Kwamba kalala, kwamba kazeeka, kwamba angeinuka usiku akazichambua mwenyewe. Bi Kazija alikunja jamvi lake, akalibeba kichwani akaondoka. Zaidi ya miaka ishirini ameuangalia uwanja ule, na hana kazi nyengine.

Nikakwama, Babu. Nikinyamaza, Bi Kazija anabeba mzigo wangu. Nikisema, watajua kwamba nilikuwa nikitunga, na wakijua nilitunga watajua na wewe ulitunga, na kila nilichokurejeshea kinaanguka tena. Siku tatu sikulala vizuri. Nilianza kukuandikia ili nikuulize, kisha nikahesabu siku za meli kwenda na kurudi, nikaona jibu lako litakuta Bi Kazija ameshahamia kwa mwanawe huko Msuka.

Jana, Jumamosi ya kwanza bila ya mchezo, asubuhi nikaenda kwake. Nilikuta anasuka ukili. Nikaanza, "Bibi, wale Watu wa Juu, yale niliyokuwa nikiyasema..." nikashindwa kumalizia.

Hakuniinulia uso. "Babu yako," akasema, "jenereta la skuli lilikuwa likizimika kila mara. Kioo cheusi, sauti hamna. Na yeye anaendelea kusema. Mara nyengine mpaka mwisho. Unadhani hatukuwa na macho?"

Nikakaa chini.

"Mlijua?"

"Mtu anafasiri kioo cheusi, mwanangu, hutojua? Tulijua na tulikuja. Faki alikuwa kijana, anakaa mbele kabisa, magoti yanagusa kabati. Siku ya kwanza lilipozima watu walianza kuinuka, na ni yeye aliyepiga kelele, 'Shaame, endelea.'"

Basi anajua, Babu. Siku zote alijua. Wakati anafumba jicho na kutetemesha mkono ili watu wakucheke, alijua kwamba ni yeye aliyekuomba. Nilidhani chuki yangu imekwisha kwenye zile karafuu. Nimeigundua bado iko, ila sasa imenyooka na inajua pa kwenda.

Leo baada ya adhuhuri nimemwambia Shangazi ampeleke mtoto amwite Mzee Faki, nina maneno naye. Shangazi akanitazama kama nimeota pembe. "Weye? Na Faki?" Nikasema ndiyo, na Bi Kazija aitwe pia, na fundi baskeli, na mlango wa mbele usifungwe. Nitamwambia karafuu nilizivundisha mimi na kwa nini, na kwamba Bi Kazija arudi uwanjani kwake leo. Msamaha wa karafuu siombi, na akitaka kunishitaki kwa sheha na anishitaki. Kisha nitamuuliza mbele ya hao wote kioo kilipokuwa cheusi nani alisema endelea. Naisubiri sura yake kuliko nilivyowahi kuisubiri sikukuu. Akishajibu, na wewe panda meli uje.

Nisalimie mama, mwambie sweta lilifika na silihitaji kwa joto la huku lakini nalilalia. Nisalimie Amu Khatib wa dukani, na kaka zangu wawili, mkubwa asiyeandika na mdogo asiyejua kuandika. Nisalimie Bi Raufa jirani aliyenifundisha Kiingereza cha mwanzo, ila usimwambie nilikifanyia nini. Shangazi Raya anakusalimu na anasema baraza lako kalipaka chokaa.

Kila mtu alipokuwa akipita nilikuwa naifunika karatasi hii kwa daftari la jiografia. Sasa nasikia makubadhi yanapanda ngazi za mbele, mazito, na nyuma yake wengine wengi. Daftari nimelitia mkobani. Barua iko wazi mezani, wino haujakauka, na nimesogeza kiti kimoja ukutani ili apate pa kukaa akisikia.

Anabisha hodi. Nimemwambia karibu, na sauti imetoka.

Mjukuu wako,
Zuwena