Kwa Nini Sijahama Sparkhill

Sparkhill, Birmingham
Jumapili mchana

Mke wangu Wakio,

Hujambo, mama Mkawasi? Binti yetu hajambo? Na mama yako, goti lake limepoa au bado analifunga kitambaa asubuhi? Mvua huku inanyesha kama ya kulazimishwa, wala hainyeshi vizuri wala haiachi. Mwili wangu hauna neno. Kinachonisumbua ni moyo. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nafungua dirisha, nikilifungua naona baridi nalifunga. Tangu asubuhi ni hivyo.

Ujumbe wako niliupata: "Toka kwenye hiyo nyumba leo." Sikukujibu kwa simu kwa sababu ninajua tutakavyokuwa. Wewe utapandisha sauti, mimi nitapandisha zaidi, na Mkawasi atakuwa pale mlangoni anasikiliza. Ndiyo maana nimeona niandike, usome polepole, ukasirike ukiwa umemaliza.

Unajua nilivyofika hapa. Tariq, fundi mwenzangu pale gereji ya mabasi, alisikia ninalala kwa watu sebuleni akanileta kwa mama yake. Mama huyu ni mjane, na mwenyewe alitaka nimwite Khala, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Yeye alizaliwa Pakistan, Tariq amezaliwa hapa hapa mtaa wa nyuma. Nami ni Baniani wa Voi nisiyekula nyama. Siku ya kwanza Khala alinionyesha sufuria moja ya bluu akasema, "Hii ni yako, haijaguswa na nyama na haitaguswa." Hakuna aliyemwomba. Sikukueleza hilo wakati ule kwa kuwa nililiona dogo.

Halafu ikaja ile habari ya India. Watu walikuwa matembezini na familia zao, magaidi wakatokea wakawapiga risasi, na India ikasema wametoka Pakistan. Pale gereji tulikuwa kantini, televisheni iko wazi. Meza yetu ya chai ni ya wote, Wahindi, Wapakistani, Msomali mmoja na Mzungu mmoja anayependa pilipili kuliko sisi. Siku ile kila mtu alichukua kikombe chake akaenda kukaa na watu wake. Tariq alinipitia akaniambia, "Pole, bhai," yaani ndugu.

"Asante," nikamjibu. Kisha nikajiuliza, pole ya nini? India sijaikanyaga. Babu yangu mwenyewe alizaliwa Voi, nyuma ya duka. Lakini kwenye picha kulikuwa na mwanamke ameketi chini kando ya mumewe, mkononi ana bangili za kioo kama zile za marehemu mama. Nikaenda chooni nikalia. Sasa niambie, Wakio, nchi ile ni yangu au si yangu?

Yupo mtu wa Gujarat tunayeonana naye hekaluni, anaitwa Jitu. Wiki ile alinishika mkono nje ya mlango akanipa bendera ya India, mpya, bado imekunjwa.

"Itundike dirishani kwako, wajue uko upande gani."

"Dirisha si langu, Jitu. Nimepanga."

"Basi hama! Unawezaje kula kwa watu waliotuua?"

"Wale ni Tariq na mama yake. Hawajaua mtu."

"Bado," akasema. Akaniacha pale na bendera mkononi.

Niliiweka kwenye droo, chini ya soksi. Sikuitundika, na sikuwa na moyo wa kumrudishia. Mpaka leo iko humo.

Majeshi ya India na Pakistan yakaanza kurushiana mizinga mpakani, na hapo ndipo wewe uliponiandikia. Lakini hujui lililotokea Jumamosi ile. Tariq alikuwa zamu, simu imezimwa. Mimi nilikuwa chumbani napiga pasi. Nikasikia Khala amepiga ukelele jikoni, ule ambao ukiusikia huulizi kuna nini, unakimbia tu. Nilimkuta ameketi sakafuni, simu imemwangukia mapajani. Kombora lilikuwa limeangukia nyumba ya dada yake kule kijijini karibu na mpaka. Dada yake alinusurika. Shemeji yake, mzee wa watu, ukuta ulimwangukia akiwa anatawadha, akafa.

Akanyanyuka, akafunga mtandio, akasema, "Nipeleke Hodge Hill." Huko anakaa mdogo wao wa mwisho, ana maradhi ya moyo, hawezi kuambiwa habari kama hiyo kwa simu.

Tukaingia garini. Barabara ya Stratford Jumamosi unaijua kwa video nilizokutumia, mabasi yamebanana, watu wanavuka popote, maduka ya nguo za harusi yamefungua milango yote. Tukakaa kwenye foleni. Ghafla akasema, bila kuniangalia:

"Watu wako wamefanya hivi."

"Khala, mimi..."

"Najua. Najua si wewe. Lakini nimwambie nani? Nani mwingine yuko hapa wa kumwambia?"

Nilishika usukani nikaendesha.

Na pale kwenye foleni nikamkumbuka kaka yako Mwadime, alivyouawa getini Nairobi akiwa amevaa sare yake ya ulinzi, wale magaidi wakampita kama wanaruka gogo. Nikakumbuka pia siku ya mazishi, Abdi, yule Msomali wa duka la jumla, alivyokuja na mchele na sukari, nawe ukasimama mlangoni ukamwambia, "Rudi na mchele wako. Watu wenu wamemmaliza kaka yangu." Abdi aliweka gunia chini akaondoka. Sikukulaumu siku ile, na leo sikulaumu. Ninachosema ni kwamba sasa najua Abdi alirudi kwake na kitu gani kifuani. Na najua pia wewe hukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Kesho yake watu wakaja kutoa pole. Wanaume walijaa sebuleni, wamekaa juu ya shuka nyeupe, wanawake wako chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa juu, nasikia kila kitu. Nikawaza, nikishuka nitaonekanaje? Nisiposhuka je? Kwetu Voi hakuna mtu anayejifungia chumbani wakati matanga yako sebuleni. Nikavaa shati safi nikashuka, nikakaa karibu na mlango.

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akanitazama kwa muda. "Ndugu, wewe unatoka wapi?"

Nilifungua mdomo, na kwa kweli sikujua ni neno gani lingetoka. Tariq akawahi.

"Mkenya. Tunafanya kazi pamoja."

"Aaa, Kenya!" Mzee akanisogezea sahani ya tende.

Wakio, maisha yangu yote Voi nimeitwa Mhindi. Watoto shuleni, askari wa barabarani, hata mjomba wako siku ya mahari. Nimepigania neno Mkenya mpaka nimechoka. Na siku mtu mwingine anaponiita Mkenya kabla sijajitetea, ananiita hivyo ili kunificha. Tende ile nilishindwa kuimeza.

Baadaye nikamfuata Tariq uani. "Ungeniacha nijibu mwenyewe."

"Ungejibu nini?"

"Sijui."

"Basi." Akavuta sigara. "Mama amefiwa, Harish. Sikutaka mtu arushe ngumi mbele yake."

"Na mtu angenirushia mimi, wewe ungekuwa wapi?"

Akatazama ukuta wa jirani. "Usiniulize," akasema. Hatujarudia mazungumzo hayo.

Usidhani sikukusikiliza. Wiki hii nilikwenda Northfield kutazama chumba. Kila nguzo ya taa imefungwa bendera ya Uingereza, nyeupe yenye msalaba mwekundu, kama kuna mechi isiyokwisha. Chumba ni kizuri, kina jua. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mkarimu, alinipa biskuti. Akaniuliza kama mimi ni Mhindi. Nikachoka kueleza, nikasema ndiyo. Akatabasamu: "Wahindi hamna matatizo. Siyo kama wale wengine." Alikuwa ananisifu. Nilijua wale wengine ni nani. Ni Khala, na sufuria yake ya bluu. Nikamwambia nitafikiria. Sikumpigia.

Na mwezi ujao naapishwa uraia. Nitainua mkono niape kuwa mtiifu kwa mfalme wao, na pasi yangu ya Kenya nitabaki nayo. Wenzangu wananipongeza. Mimi naiona ile bendera ya Jitu chini ya soksi na kujiuliza mtu mmoja anadaiwa utii na wangapi.

Mizinga imenyamaza sasa. Khala anapika tena, ingawa chumvi inamzidi. Maneno ya garini hajayataja, nami sijayataja. Jana tukichambua dengu aliniuliza:

"Mkeo anakuja lini?"

"Anaogopa, Khala."

"Ananiogopa mimi?"

Nikainamia dengu. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Mwambie na mimi namwogopa. Aje tuogopane uso kwa uso."

Nisalimie mama yako, mwambie asipande mlima na kuni. Msalimie dada yako mwalimu, na kaka yangu pale dukani, afunge mapema siku hizi. Mbusu Mkawasi, na usimsomee barua hii yote.

Ukiniuliza nitasimama wapi vita ikirudi, sina jibu, na usiku na mchana nalitafuta. Nimechoka kulitafuta peke yangu. Usiniambie tena nihame, Wakio. Niambie unakuja.

Mumeo asiyetulia,
Harish