Joto Linapotea Kati Yangu na Wifi

Mpendwa mshauri, nisaidie, maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, maana niliyezoea kumwambia ndiye huyo huyo niliyekosana naye. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, tunafanya kazi ofisi moja katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, tunatabiri kwa kompyuta jinsi joto litakavyopita kwenye ukuta wa tanuri jipya kabla halijawashwa, yeye anahesabu joto la matofali ya ndani, mimi nahesabu la ganda la chuma la nje, na pale tofali linapogusana na chuma ndipo hesabu zetu hukutana, yeye ananipa joto linalotoka kwake, mimi namrudishia halijoto ya mpakani, anahesabu upya, ananipa tena, tunavutana hivyo mpaka tukubaliane, ndipo tunasogea kwenye saa inayofuata ya tanuri kuwaka. Tulikuwa tunakaa meza moja, tukibishana na kucheka.

Sasa mwezi uliopita alinicheka kikaoni mbele ya bosi kwa kosa dogo la kipimo, nami badala ya kumeza nikapeleka maneno kwa mama, mama akamwita akamsema, na tangu hapo tumenuniana, salamu ni ya kichwa tu, meza yake kaihamishia dirishani, namba zake anaziweka mara moja tu kwenye folda yetu ya kompyuta, mimi nazichukua, naziweka zangu, hakuna wa kumrudia mwenzake. Mchoro wa joto la ukuta ulitoka mzuri, bosi akafurahi akasaini. Lakini juzi nilijumlisha joto lililotoka kwenye matofali na lililoingia kwenye chuma, hesabu hazilingani, jingine linapotea mpakani, kwa sababu haturudiani, tanuri linazidi kupamba moto na chuma changu bado kinapokea joto la saa iliyopita, kwa hiyo kwenye karatasi kinaonekana kuwa baridi zaidi kuliko kitakavyokuwa kweli.

Jukwaa la mwendesha tanuri limejengwa karibu na ukuta kwa kuamini hesabu hiyo, tanuri linawashwa Jumatatu, na mwendesha tanuri ni kaka yangu, mume wake. Nikisema peke yangu bosi atauliza upande wa matofali unasemaje, na wifi ataona namchongea tena. Naogopa mshauri. Safu yako wifi huisoma kila Jumamosi, hakosi. Nifanyeje?

Mimi, Upande wa Chuma

*

Upande wa Chuma, pole, na pole yenyewe ndiyo hiyo, sina nyingine. Kompyuta naijua kwa kuandikia safu hii tu, lakini mawifi nawajua. Alikosea kukucheka. Wewe, mtu mzima na elimu yako yote, ukakimbilia kwa mama kushtaki mambo ya ofisini. Dawa unayo, umeiandika mwenyewe juu huko: kurudiana mpaka mkubaliane.

Wala usidhani sijakushtukia. Umenitajia kwamba wifi yako husoma hapa. Hukutaka ushauri, ulitaka mimi niwe folda yenu, nimfikishie ujumbe ili usimtazame usoni. Gazeti hutoka Jumamosi, tanuri linawashwa Jumatatu, na wewe umekaa unangoja lisomwe. Wifi angekuwa na shughuli nyingine leo, je?

Basi inuka. Mpigie bosi sasa hivi, umwambie, "Hesabu ya ganda la chuma ina kosa, tanuri lisiwashwe mpaka turudie." Jina la wifi usilitaje. Akikasirika, akasirike, hasira za bosi hazimbabui mtu ngozi. Kisha mwambie kaka yako kwa kinywa chako asipande jukwaa lile. Halafu nenda kwa wifi, usipitie kwa mama, uombe radhi kwa ulichofanya, uvute kiti. Msisogee saa inayofuata mpaka joto linalotoka kwake liwe lile lile linaloingia kwako. Na mkimaliza, jukwaa lisogezwe mbali na ukuta kadiri hesabu mpya itakavyosema.

Na wewe, Upande wa Matofali, najua umefika hapa, na najua umekasirika. Kasirika baadaye, nafasi ipo. Mtazame mumeo huyo anayekunywa chai mbele yako. Weka gazeti chini, umpigie wifi yako, usingoje aanze yeye.