Farasi wa Kijivu wa Mama

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukugombeza kwenye ngazi. Mkazamjomba naye hajambo? Mwambie fulana aliyonifumia inanifaa, ila shingo ni ya mtu mwenye kichwa kidogo kuliko changu.

Sisi huku hatujambo. Kaka bado anaendesha basi la asubuhi na bado anachelewa kuamka, sijui abiria wanamvumilia vipi.

Mjomba, kabla sijaendelea nina jambo la kuungama. Mwezi wa kwanza nilikuandikia usitume tena wapanda farasi wako wa bati, wale wadogo ambao Mama huwapaka rangi, nikasema amewachoka. Nilikudanganya. Mama hakuwachoka hata siku moja. Tangu ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika, kulikuwa na siku alimdondosha farasi mmoja, mguu ukakatika, akakaa na kile kijiguu kiganjani. Nilishindwa kuvumilia. Nikachukua boksi, brashi na vikopo vya rangi, nikaviweka juu ya kabati asikofika. Nilidhani namwonea huruma.

Nisamehe. Wewe na dada yako mnaona jeshi la enzi za Napoleon, mimi niliona wanasesere.

Sasa sikia. Kwenye barua yako ya mwezi wa tatu uliandika kwamba ulikosea kumtafsiria Mama kile kijitabu cha kigeni kinachoelekeza rangi za jeshi. Ulikuwa umemwambia mpiga tarumbeta apande farasi wa kijivu, kumbe watu wa farasi wakisema kijivu wanamaanisha yule ambaye sisi tungemwita mweupe. Na sababu yake ni kwamba kamanda amwone mpiga tarumbeta wake hata katikati ya moshi. Nilimsomea Mama tukiwa tunakunywa chai. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nimeshona sare miaka thelathini na minane," akasema. "Mteja akiniambia kijivu, nampa kijivu!" Na kweli alikuwa amempa, kijivu cha majivu ya jikoni.

Halafu akavaa tena miwani. Mikono ilikuwa mapajani, inatetemeka. Akasema, "Basi kamanda wangu miaka yote hii hamuoni mtu wake. Nishushie boksi."

Nililishusha roho juu juu. Akameza dawa, akangoja nusu saa. Farasi alikuwa amegandishwa juu ya kibiringo kitupu cha uzi, unajua Mama hatupi kitu cha cherehani. Akaegemeza viganja kwenye ukingo wa meza, akachovya brashi, na mkono ukawa unacheza vilevile, mimi nimeshaanza kuangalia pembeni. Ulipobaki upana wa kidole kumfikia farasi, ukatulia. Mjomba, ukatulia kabisa! Nilishika mdomo nisije nikapiga kelele nikamharibia.

Nilimuuliza daktari wake. Akasema kwa wengi ndivyo ulivyo, mkono unatetemeka zaidi ukikaa bure, ukipewa kazi unatulia. Na mimi niliunyima kazi miezi mitatu. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, nililia njia nzima.

Ile kazi ilimchukua asubuhi nne. Rangi nyeupe aliizimua mpaka ikawa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, akapaka, akangoja ikauke, akapaka tena. Puani, magotini na chini ya manyoya ya shingo akaacha kijivu chako kichungulie. Siku ya nne aliponigeuzia, nilipigwa na butwaa. Farasi mwenyewe hafiki urefu wa kidole gumba, lakini nilihisi anapumua. Mama anasema angeanza na nyeupe tupu angepata chaki tu. Kosa lako ndilo lililompa uhai, kwa hiyo usijidai sana, lilikuwa kosa.

Aliniambia nisimame mlangoni nitazame meza. Wapanda farasi arobaini na mmoja wamejipanga, na wa kwanza niliyemwona alikuwa mpiga tarumbeta. Nikasimama pale muda mrefu kama mgeni ndani ya nyumba niliyokulia.

Kuna jambo moja tu hajakubali. Wale wenye koti linaloning'inia begani bila kuvaliwa, ameniuliza mara tatu kama fundi wao alisahau kupima mikono.

Lakini dawa haimshiki muda mrefu, Mjomba. Mwaka jana ilikuwa saa nzima mkono ukimtii, sasa ni nusu, na daktari hakunificha kwamba itazidi kupungua. Wamebaki kumi na tisa hawajapakwa rangi. Hataki wapakwe na mtu mwingine, na hataki kukabili jeshi lako katika mchezo wenu wa vita akiwa na watu nusu uchi. Meza ya chakula ameshaitandika shuka la kijani, dadu ziko ndani ya kikombe, sisi tunakula tumeshika sahani mapajani. Ulisema utakuja na jeshi lako mwezi wa kumi na mbili. Nakuomba usingoje mwezi wa kumi na mbili.

Kaka anakusalimu sana, na jirani fundi saa aliyetuazima kioo cha kukuzia. Msalimie mkazamjomba na watoto wote. Mungu akufungulie njia, akulinde wewe na boksi lako mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Kifungo
(bado mnaniita hivyo kwa kile kifungo cha sare nilichomeza utotoni, na mteja mwenyewe alishasahau)

Hapa chini Mama ameng'ang'ania kuandika mwenyewe. Herufi zake zimekuwa ndogo sana, vaa miwani:

Mdogo wangu, mkono bado unanisikia. Njoo upigwe.