Baba Ameshaitwa Baba ya Dokta, Mimi Nataka Kupiga Eksirei

Mpendwa Shangazi Elena, naomba msaada wako huku nacheka na kulia pamoja, maana nimepata nafasi chuoni ya stashahada ya radiografia, yaani kupiga eksirei, na nyumbani kwetu Midia mama ameshapika na majirani wameshacheza, lakini wote wanadhani naenda kusomea udaktari, na kosa ni langu, kwa sababu matokeo yalipotoka, baba yangu, ambaye ni wakala wa forodha pale mpakani Oraba, aliniinua mbele ya madereva akasema, "Sasa mtaniita Baba ya Dokta!" nami nikatabasamu tu, na leo kila lori likivuka kutoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, linapiga honi, "Baba ya Dokta!" naye anapunga mkono kama askofu.

Kazi hii niliipenda siku baba alipoanguka kutoka kwenye lori, tukamkimbiza Arua, akapokewa na dada mmoja wa chumba cha eksirei anaitwa Kiden, akamlaza taratibu, akamwambia, "Mzee, usitikisike kidogo tu," kisha akampiga picha, tukauona mfupa wa mguu uliovunjika, na ile picha baba ameitundika dirishani ofisini kwake, kila mtu anaonyeshwa. Juzi nilimdokezea, akasema, "Mi nataka dokta, si mutu ya mashine. Rudia mutihani." Chuo kinataka jibu wiki hii. Nikubali nimvue baba jina lake, au nitafute udaktari nisioutaka?
Jovia, Koboko

Jovia mwanangu, hongera! Pokea vigelegele vyangu kwanza, halafu kaa vizuri nikugombeze. Umefaulu fizikia, msichana mzima, unashindwa kusema sentensi moja kwa baba yako? Huyo si adui. Ni mtu anayekupenda mpaka anawachosha madereva.

Sasa sikia. Daktari bingwa wa radiolojia anasoma udaktari kwanza, miaka mingi, kisha ubingwa, na kazi yake kubwa ni kuzisoma picha na kusema ugonjwa. Mtaalamu wa radiografia ndiye anayemlaza mgonjwa, anapima mionzi, anapiga picha. Ukishapata stashahada unaweza kuendelea hadi shahada. Hakuna aliye makombo ya mwenzake. Na barua yako imejaa Kiden; daktari aliyeisoma ile picha hata hukumtaja! Umeshachagua, binti, unatafuta tu wa kukusindikiza.

Kabla ya kujibu, hakikisha chuo kimesajiliwa, na uulize wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi: kwenye mashine inayofanya kazi, si ile iliyofunikwa shuka. Kesho panda gari uende Arua, umtafute Kiden, akueleze matamu na machungu ya kazi, na anavyojikinga na mionzi, maana mama yako atakuuliza hilo kabla hujaketi.

Kisha nenda Oraba mchana, jua likiwa dirishani. Usianze na hotuba. Simama mbele ya ile picha umwulize, "Baba, mfupa wako huu, nani aliupiga picha?" Atamtaja, kwani nani anamsahau aliyemshika mguu ukiuma? Mwambie, "Mimi nataka kuwa yeye." Halafu nyamaza, safari hii kwa sababu nzuri.

Na madereva waache wapige honi. Siku mmoja wao atakapoletwa kwako amevunjika mkono, baba yako ndiye atakayemwambia, "Tulia, usitikisike, huyu ni mutoto yangu."