Gari Jeupe Nililolichagua

Mkomaindo, Masasi

Dada yangu Mama Shadrack,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mikorosho hapo Lukuledi imeanza kuchanua. Mimi mwili hauna ugonjwa. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni, maana kwenye simu ningepata mwanya wa kukwepa. Afadhali niandike.

Unalikumbuka lile tela la kulala, lenye vitanda vinne na jiko, ambalo wageni wawili wazee walikiachia kikundi chetu cha huduma ya macho ili wauguzi wapate pa kulala wakienda kutibu vijiji vya Newala. Lilikaa uani miezi saba likipigwa vumbi kwa kukosa gari la kulivuta. Mimi, kwa kuwa ni katibu, nikatumwa Dar es Salaam kuchagua gari, na mumeo, shemeji Lucian, akafuatana nami kama dereva.

Tulikuta pikapu mbili. Moja kuukuu, rangi imepauka, viti vimechanika, lakini ya dizeli, injini kubwa na chesisi nene. Shemeji alilala chini yake muda mrefu, akatoka na grisi shavuni akitabasamu. Ya pili ilikuwa nyeupe, milango minne, viti vya ngozi, injini ndogo ya petroli. Tulirudi Masasi na nyeupe.

Yaliyotokea asubuhi ile kwenye mlima wa Newala uliyasikia. Kwenye kona ya pili gari liliishiwa nguvu, likanuka kuungua, likasimama. Tela likaanza kuturudisha nyuma. Shemeji alikata usukani upande wa ukuta wa mlima, siyo wa bonde, na ndiyo sababu tuko hai. Tela lilipinduka, na muuguzi Anjelina akavunjika mguu. Mpaka leo anatembelea magongo.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti wetu, Mzee Nikolao, aliuliza nani aliyelipitisha gari lile. Nikajibu kwamba dereva alilikagua akaridhika, na kwamba mlimani alichelewa kubadili gia. Shemeji alinitazama, akangoja. Nilikuwa naandika muhtasari, sikuinua kichwa. Mwishowe akasema, "Sawa, mwenyekiti," akaweka funguo mezani.

Ukanipigia unalia, ukaniuliza kama mumeo alikuwa amelewa, maana kanisani watu walikuwa wananong'ona hivyo na kukutazama vibaya. Nami nikakujibu, "Mvumilie tu, dada." Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dada, Lucian hakuridhika na gari lile hata kidogo. Pale pale Dar aliniambia kwa upole kwamba tela likijazwa maji, mitungi ya gesi na vifaa linapita tani mbili. Kwamba ile nyeupe ingelivuta Masasi na Nanganga kwenye tambarare, lakini mlima ungeishinda. Nilimjibu kwamba kazi yake ni usukani. Karatasi za gari zilionyesha kuwa mwisho wa kuvuta ni tani moja na nusu. Nilizisoma, nikazikunja. Nilitaka kuonekana Newala nikishuka kwenye gari jeupe, mbele ya watu niliosoma nao. Hakuna sababu nyingine. Kwa ajili hiyo Anjelina amevunjika mguu, na mumeo ameitwa mlevi.

Jumatatu niliyasema haya mbele ya kamati. Wamenivua ukatibu, nami sikubisha. Anjelina nilimfuata kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niondoke. Lucian wamemwita arudi kazini. Nilimfuata Nanganga anakofyatua tofali, nikamkuta na udongo mpaka magotini. Sikuweza kumtazama usoni. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia ukweli, akakubali umwone mzembe miezi yote hii.

Akaniambia, "Ningemwambia, angekosa mdogo wake. Anaye mmoja tu."

Akaendelea na tofali lake. Atakapokuja nyumbani Jumamosi, dada, mpokee kama anavyostahili. Mimi usinijibu mpaka moyo wako utakapotaka.

Nisalimie Shadrack na Careen, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Christopher