Fanusi Moja, Nyumba Tano

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu umechafuka kuliko barabara ya Kabambare.

Leo nimesalitiwa na wanaume wanne na mwanamke mmoja, mchana kweupe.

Jumapili sisi makarani watano wa mtaa huu tulikubaliana. Mzungu wa kadi angekuja kukagua nyumba zetu, aone kama tunakula mezani na kama tunawasha taa ya maana. Anayepita anapewa kadi, na mwenye kadi hachapwi fimbo. Nikawaambia: tumwekee mezani taa ya mawese. Watu wetu wanalazimishwa kuangua chikichi, mafuta yanaondoka kwa mapipa, kisha tunauziwa petroli, hayo mafuta ya taa ya dukani, na kuambiwa huo ndio ustaarabu! Tukatae wote pamoja, maana hawezi kutunyima kadi sote. Walipiga makofi. Kalonda, rafiki yangu tangu shule ya misheni, alinikumbatia.

Leo Mzungu akanichukua niwe mkalimani wake.

Nyumba ya kwanza ni ya Kalonda. Fanusi ya petroli inawaka mezani, kishikio chake kimefungwa kwa waya wa shaba.

Waya ule niliufunga mimi.

"Tangu tuoane, mu nyumba yetu iko petroli tu," Kalonda alisema, macho chini. Nikatafsiri.

Nyumba ya pili, fanusi ileile. Ya tatu, ileile, inadondosha maji ya mvua. Ilikuwa inatutangulia kwa milango ya nyuma, chini ya vikwembe walivyojifunga wanawake. Mzungu aliandika kila mara bila kushtuka. Kwake fanusi zetu zote zinafanana, kama sisi wenyewe.

Aliposimama kuwasha kiko chake, Kalonda, aliyekuwa anatufuata, akaninong'oneza: "Yaya, mukubwa wangu, usikasirike. Kadi ikishaingia mu mufuko, tutarudilia mawese yako."

Mawese yangu! Kana kwamba ni ugonjwa wangu binafsi.

Ya nne, ileile. Ya tano ni nyumba yangu. Asubuhi niliacha taa ya mawese mezani kwa mikono yangu. Haikuwapo. Fanusi ilikuwa imefika kabla yetu, na Mama Amisi, mke wangu, alisimama kando yake, miguu imejaa matope ya kuizungusha kwa milango ile ya nyuma.

"Na wewe unawasha nini?" Mzungu aliuliza.

Nikajibu: petroli.

Na huo ndio ukweli, naungama hapa. Fanusi ile ni yangu, huwa naificha sandukuni, chini ya kitanda. Miaka yote nimesomea magazeti kwa mwanga wake. Hata yale maneno makali ya Jumapili niliyaandika mbele yake.

Mzungu alipoondoka nilimgeukia mke wangu kwa ghadhabu. Akacheka.

"Baba Amisi, weye unasomea petroli. Mawese ni ya siye, kule jikoni. Nani anasuguaka moshi ku ukuta? Na siku wakikuchapa, nani atakukanda mugongo?"

Mimi ninayebishana na kila gazeti linalofika Kasongo, nikachukua daftari hili nikaja kukaa mlangoni.

Kalonda amepita sasa hivi barazani, akanisalimia. Sikuitika. Wanne wale sijawasamehe, na sijui kama nina haki ya kuwakasirikia.

Naandikia mlangoni, kwa mwanga wa nje uliobaki. Unakwisha. Mama Amisi amesimama nyuma yangu na taa zote mbili, anauliza awashe ipi.